Makonyo

Wete, msimu wa vuli, umenikuta jamvini,
mikono yote miwili imeingia kazini;
karafuu ziko mbali, makonyo yaenda chini,
nachambua sina hili wala lile akilini.

Jina langu Agripina, mzaliwa wa Limbani,
ila watu huniona nimeshuka bandarini.
Kumi na watatu, jana, ndio sote kanisani;
bati linavuja sana, ndoo i madhabahuni.

Nilihesabu usiku, sarafu zikapunguka;
hofu mpya kila siku, kodi na ada kufika;
homa ya Gwido, na kuku wa mwisho akauzika,
nikimwomba Mungu huku nikimtilia shaka.

Alikuja mhubiri na spika na jenereta,
akaahidi magari kwa kila aliyeleta.
Nikatoa; nasubiri; sikupata hata bata.
Akaondoka na feri, deni langu likanata.

Mwaka ule wa ukata, mikarafuu kususa,
makonyo nikakokota hadi Chake, yawe pesa.
Kiwandani nikapita, mvuke wanipapasa:
tone, tone la mafuta, manukato ya anasa.

Nilisimama kitambo. Sikusikia sauti.
Hapakutokea jambo, wala nuru kwenye bati.
Lililonibana tumbo lafunguka kama shati:
mimi wa Yesu, si fumbo, wake kupita mauti.

Kodi haikupungua, homa ya Gwido hurudi;
mwenye nyumba hutujia kila mwezi, hodi! hodi!
Moyo ndio umetua, haugongi kama radi;
nikihesabu, najua nina Mwenye kunifidi.

Sijasema sina njaa, wala sitaki kitanda;
karani akikataa, nadai hadi kushinda;
ila nikikosa taa, yupo gizani, alinda.

Bi Mize, jirani yangu, aniuliza kwa cheko:
“Mbona huna malimwengu, na tupu ni jiko lako?”
Nikashika konyo langu, dogo kuliko ukoko:
“Hata hili, kwake Mungu, lina hesabu na soko.”

Akanicheka kidogo, akarudi na sahani
yenye nazi na muhogo na changu wawili ndani.
Tukala juu ya gogo, yeye nami, uwanjani;
dua mbili, si mzigo, moshi mmoja jikoni.

Kesho mizani i pale, itasema la kusema;
karani awe mpole, au anune daima,
sipimwi kwa jiwe lile, nilishapimwa mapema:
kilimani, siku ile, damu ikajaza kima.

Gwido, njoo, shika ungo, tuanike penye jua;
vuta jamvi la mlango, wingu limejiinua.
Hilo konyo la ukingo, upepo walichukua,
liokote. Utajua.