Jipe

Msellem ameichora ramani nyuma ya bili ya stima:
Tudor, Makupa, Kibarani na harufu yake,
Mazeras, Mariakani kwenye foleni ya malori,
Maungu chai, Voi tukate kushoto,
Mwatate, Bura, Maktau, kisha vumbi,
kisha duara kubwa lisilo kipimo
na ndani yake neno moja: Jipe.

Jipe nini? nilimuuliza mwaka wa kwanza.
Akacheka. Jipe tu.

Huu ni mwaka wa tatu.
Gari tunalo, lilikuwa la kusambaza mkate,
tulilinunua kwa bekari iliyofungwa kule Majengo.
Ubavuni rangi imebambuka, pamebaki MKATE MO O,
na jua likiliwaka, ukifungua mlango
hamira bado inakusalimu.
Fundi Kenga ametia kitanda cha kukunja,
sinki dogo la plastiki, ndoano ya taa,
na dirishani pazia, leso yangu kuukuu.
*Mchana wa wote, usiku wangu pekee.*
Niliinunua mwaka wa pili wa ndoa yetu
nikaivaa siku nne mfululizo nikipita mbele yake.
Hakuisoma. Alikuwa amelala.
Miaka thelathini na mmoja zamu ya usiku,
juu ya kreni pale Kilindini,
akishusha makontena ya watu asiowajua;
anaingia na adhana ya alfajiri,
mimi natoka kwenda kufundisha.
Kitanda chetu hakikupoa, lakini hatukukutana.

Sasa amestaafu na anaandika orodha.
Mitungi ya maji sita. Jeki. Kamba. Tochi mbili.
Kibali cha hifadhi, kulipa kwa simu kabla ya kutoka.
Tusiegeshe karibu na maji, usiku viboko hupanda kula majani.
Viboko nilivila chuoni, namwambia, siendi kuvitafuta.
Nami naongeza zangu chini: mbuzi ya nazi,
nazi saba, pilipili za kukaanga, chandarua,
mswala, dawa yako ya presha,
na kwa nini hatujatoka mpaka leo?

Jibu nililikuta asubuhi chini ya sahani ya mahamri,
kwa mwandiko wake wa kulalia upande:

Batuli sinihimize, safari haina mbio,
nati kwanza nizikaze, nikaue na mlio,
na dizeli niijaze, nisiombe kimbilio,
ndipo Jipe tujipoze, tufunge na masikio.

Nikalikunja nikalitia kwenye kopo la chumvi.
Mwanamume wa kreni, na vina!

Ijumaa akasema tufanye jaribio.
Tulale humo usiku mmoja, hapa hapa uani,
kati ya tangi la maji na pikipiki ya Mwakombo,
tuone kinachopungua.
Nilipika wali kwenye jiko la gesi, ukaungua chini.
Paka akaingia, akatolewa, akaingia.
Saa tano mvua ikapiga bati la paa
na tukajua mahali panapovuja: juu ya miguu yake.
Akatega sufuria, akaandika: *gundi*.

Kisha taa ikazimwa.
Nikangoja aanze kugeukageuka
kama anavyofanya tangu astaafu,
macho wazi, akisikiliza bandari iliyo mbali.
Hakugeuka.
Nikasikia pumzi yake ikitafuta njia, ikaipata.
Sikujua kwamba hukoroma.
Miaka yote hiyo, kila jirani wa ghorofa ya tatu
alikuwa akijua, mchana, isipokuwa mimi.
Nikalala macho kwa makusudi,
maji yakidondoka sufuriani, tone, tone,
leso ikipepea kidogo, maandishi yakiangalia ndani.

Alfajiri mlango ukagongwa.
Kitoto cha Khuleita, sarafu mkononi, kamasi puani:
Mama asema mumpe mkate mmoja, mtamu.
Msellem hakufungua macho.
Mwambie mkate Jumatatu, akasema,
leo tuko Jipe.

Bili, kwa habari yenu, haijalipwa.
Tukiipeleka wataichukua, na ramani ndiyo hiyo hiyo.