Mpangaji

Barua ilifika Jumanne imekunjwa ndani ya kiatu
kwa sababu begi lake halina zipu:
mzazi, Ijumaa kila mtoto aje na mnyama
aseme sentensi tano mbele ya wenzake.

Mnyama gani, Nanjala,
katika chumba hiki cha orofa ya nne, Pipeline,
ambako keyateka ameandika ngazini kwa makaa
MBWA PAKA KUKU HAPANA
na hata jua huingia dakika kumi tu
kisha linahamia kwa jirani?

"Tumpeleke mende."
Mende hapelekwi, nikamwambia. Mende hujipeleka.

Ni Mama Syokau wa chini,
mwenye magunia ya sukuma kando ya mtaro,
aliyetuokoa: njooni usiku, njooni na tochi.
Mvua ilikuwa imekatika. Nanjala akachuchumaa,
akafunua jani, akafunua lingine,
akanishika suruali bila kusema neno.
Alikuwa pale, wa kahawia, mbichi kwa ute,
akila mboga za watu taratibu kama mwenye shamba.

Tukamtia kwenye kopo la siagi.
Kifuniko nilikitoboa kwa msumari wa kazi.

Mimi ni fundi wa lifti. Mchana kutwa
napandisha watu wa mjini orofa ishirini
nao wanabonyeza kitufe mara tatu, mara nne,
kana kwamba kamba za chuma zina masikio.
Usiku ule nilikaa sakafuni
nikimtazama mmoja akipanda ukuta wa kopo.
Chai ikapoa. Hajafika.

"Sema: huyu ni konokono."
"Huyu ni konokono."
"Konokono hana miguu."
"Anao mmoja, baba. Ni tumbo lake lote."
Nikatazama. Nikaifuta sentensi ya pili.
"Konokono hubeba nyumba yake mgongoni."
"Na kodi?"
"Halipi."
Akawaza kwa muda mrefu.
"Basi keyateka hamjui."

Ya tano hatukuipata, usingizi ulitutangulia.

Sikumwambia
kwamba mimi, darasa la tatu, Webuye,
nilisimamishwa mbele nisome aya moja
neno likanikwama kooni kama mwiba wa samaki,
wakacheka hadi kengele ikalia.
Tangu hapo nikapenda mashine.
Mashine haikwambii paza sauti.

Ijumaa niliomba ruhusa ya saa moja,
nikasimama nje ya dirisha la darasa
na ovaroli yangu na grisi yake.
Sungura alikuwa amekwisha kupigiwa makofi.
Jogoo alikuwa amechafua mkeka wa mwalimu.
Nanjala akafungua kopo,
akamweka kiganjani, akaunyoosha mkono,

na konokono akaingia ndani akafunga.
Hakuna pembe. Hakuna macho. Kokoto.

"Hilo ni jiwe!" mmoja akapiga kelele,
kicheko kikaanza safu ya nyuma, nakijua kile kicheko,
na midomo yangu huku nje ikawa inachezacheza peke yake:
huyu ni, huyu ni,
sema mama, huyu ni.

Hakusema tuliyofundishana.
Alitia kidole mdomoni.
"Anaogopa. Tumngoje."

Na watoto thelathini na wawili
wakangoja.
Bodaboda ikapita. Mtu akapita akinadi mayai.
Mwalimu akatazama saa, akaishusha.
Ndipo pembe moja ikachungulia,
nyembamba, uzi unaotafuta tundu la sindano,
na ncha yake ikiwa na jicho.
Kisha ya pili.
Darasa zima likashusha pumzi.

Nilirudi kazini bila kubisha hodi kwa mtu.

Jioni tulimrudisha kwenye sukuma;
Mama Syokau akalalamika kwa mdomo tu.
Karatasi ya mwalimu ilikuwa tena ndani ya kiatu:
sentensi mbili kati ya tano, ajitahidi.

Usiku, ngazi zilipotulia,
nilishuka na gundi nikaibandika
chini kidogo ya yale makaa.