Yai Lililoiva Bila Moto

Kidato cha Pili B, Jumanne, kipindi cha tano,
uji umeshanyweka, jua halijahamia dirisha la pili.
Muhtasari unasema: Athari za Vileo na Dawa za Kulevya.
Unasema nianze na maana, nimalize na maswali matano.
Nimeanza na yai.

Nimelipasua ukingoni mwa bilauri,
ute nikautenga na kiini,
kisha nikatoa kwenye mkoba chupa ya dawa ya kikohozi
ambayo haikuwa na dawa ya kikohozi.
Darasa zima likaguna.
Hapa Tandahimba, mwezi wa Novemba,
hata mbuzi anaijua harufu ya nipa.

Nikamimina. Tukangoja.
Ute uliokuwa mwangavu ukashika ukungu,
ukaganda, ukawa mweupe vipande vipande.
"Moto uko wapi?" nikauliza.
Fakihi, anayelala tangu kengele ya asubuhi,
alisimama juu ya benchi ili aone.

Sikuwadanganya.
Sikusema ukinywa leo utaanguka leo;
wamewaona wajomba zao wakinywa na kuamka,
wakapiga mswaki, wakaenda kupalilia.
Nilisema: hii haina haraka.
Nilisema: ubongo wa miaka kumi na mitano
ni nyumba ya mkulima wa korosho,
tofali zimefika kwenye lenta,
bati linasubiri mnada wa mwakani.
Ukimlewesha fundi sasa hivi,
ukuta atausimamisha, ndiyo,
ila wewe ndiye utakayelala ndani yake.

"Na bangi, mwalimu? Si ni jani tu?"
"Upupu nao ni jani."
Wakacheka. Nikadhani somo limekwisha vizuri.

Ndipo Somoe Namtukwa akanyoosha mkono,
Somoe wa safu ya nyuma, asiyenyoosha mkono.
"Mwalimu, sare hii imenunuliwa kwa nipa.
Mama anaokota mabibo, anaanika kochoko,
anakesha na bomba la shaba na ndoo ya maji ya kupoza,
na hayo maji tunanunua.
Yeye mwenyewe haionji.
Nikienda kumwambia ni sumu
atanijibu: basi ivue."

Hakuna aliyecheka.
Nilipekua muhtasari kichwani, ukurasa kwa ukurasa.
Hapakuwa na Somoe.

Kwa hiyo nikaiweka chaki mezani
nikawaambia kuhusu kaka yangu, Dadi.
Mama yetu naye hakuwa akionja.
Alionja Dadi, ana miaka kumi na mitatu,
kijiko kimoja kila jioni: "Imekolea?"
"Bado, mama."
Akajifunza kusema bado.
Kijiko kikawa kikombe, kikombe kikawa Dadi.
Mimi ada yangu ilitoka kwenye bomba lile lile,
ndiyo maana nasimama hapa na yai.
Yeye ana miaka thelathini na minne.
Nikienda kumsalimu ananiita kwa jina la baba,
ananiuliza lini nilirudi kutoka makaburini.

Kimya.
Nje, mtu alikuwa anapima magunia ya ghafi,
akihesabu kwa sauti, akikosea, akianza upya.

"Somoe, mama usimwambie ni sumu.
Analijua hilo kuliko mimi.
Siku atakapokupa kijiko,
mrudishie kijiko.
Ya sare tutakaa tuzungumze, mimi na wewe na yeye,
nami sijui tutasema nini."

Kengele.
Fakihi akaomba kumwaga ile bilauri mwenyewe.
Akaenda nayo mbali, nyuma ya choo,
ameinyoosha mbele kama mtu aliyebeba nyoka,
na kuku wa mkuu wa shule wakamfuata.

Kwenye andalio la somo, safu ya tathmini,
nimeandika: Somo limeeleweka kwa kiasi.
Maswali yaliyoulizwa: mawili.
Yaliyojibiwa:
nikaweka moja, nikalifuta, nikaliweka tena kwa penseli.