Gunia la Majani Mabichi

Zamda alicheka niliposhusha gunia dukani.
"Mzee Ndahani, hapa tunauza mashine.
Malisho peleka mnadani."
Gunia lilivuja hadi mlangoni,
maji ya Hombolo, ya mvua ya usiku,
na ndani majani niliyoyafyeka alfajiri
nyuma ya wodi ya wazazi,
yenye tope, yenye konokono mmoja
ambaye hakuombwa ruhusa.

Kamati ya zahanati ilinipa laki saba na maneno mengi.
Mwenyekiti: nunua yenye nguvu.
Mhasibu: rudi na chenji.
Muuguzi Sechelela hakusema kitu.
Alinionyesha kwa kidole pale alipouona mkia
ukiingia majanini,
hatua nne kutoka kitanda cha mzazi wa jana.

Najua mnavyotucheka. Dodoma na majani!
Nchi ambayo wingu likipita
watu hutoka nje kulisalimia.
Lakini njooni Februari.
Mvua yetu ikikosa, inakosa;
ikija, inalipa deni lote kwa siku moja,
na majani, yaliyofunga miezi minane,
hufuturu kwa pupa.
Wiki hii magotini, wiki ijayo kiunoni.
Kwanja linapiga, yanalala.
Ukigeuka, yameinuka.

"Haya, tujaribu," Zamda akasema.

Ya kwanza nyekundu, inang'aa kama pikipiki ya bwana harusi,
na mfuko mkubwa nyuma wa kukusanyia.
Tuliyatandaza majani uani.
Sikutaka kujua kama inakata,
hata mbuzi anakata.
Nilitaka kujua kama inatema.
Zamda akavuta kamba, ikanguruma kwa heshima,
hatua tatu, ikakohoa,
ya nne, ikakata roho.
Nikachomoa waya wa plagi kwanza
(vidole hivi bado navihitaji),
tukaipindua:
tumbo zima limejaa mlenda.

Ya pili ya plastiki, nyepesi,
unaibeba kama ndoo tupu,
magurudumu kama vifuniko vya soda.
Nikaisukuma penye tope.
Ikakaa hapo hapo, imepata kwao.

Ya tatu ilikuwa nyuma ya mapipa ya rangi.
Bati zito, limepauka.
Magurudumu ya nyuma makubwa, ya baiskeli ya mtoto.
Oili ina mlango wake, petroli mlango wake.
Haina mfuko. Ina mdomo tu ubavuni, wazi,
kama shangazi asiyeweza kutunza siri.
"Hiyo hawaitaki," Zamda akasema. "Inachafua."

Tukaiwasha. Ikatema.
Ikatema ukutani, ikatema kwenye kanga ya Zamda,
kwenye viatu vyangu vya kanisani,
ikatema mpaka uani pakabaki udongo.
Konokono sikumwona tena. Namwombea.

Laki saba na themanini.
Nikahesabu zangu mara mbili,
kana kwamba noti huzaana mkononi.
Zamda akaitazama kanga yake yenye madoa ya kijani,
akanitazama mimi.
"Lete hizo ulizonazo.
Na haya majani usiyazoe. Nina sungura."

Basi sasa nasukuma.
Kisu nimekipandisha juu kabisa,
nachukua nusu ya upana, polepole;
jani bichi halifokewi.
Kesho nitashusha kisu kidogo, nitapita tena.
Ukuta wa wodi umepata rangi mpya,
na Sechelela amefunga madirisha bila kunilaumu.

Mei yatakauka yote, najua.
Mashine italala chini ya turubai hadi Desemba
na mhasibu atasema: laki saba zimelala.
Nyoka mwenyewe sikumkuta.
Labda hakuwepo, labda alinisikia.
Ila leo asubuhi mama mmoja alitoka wodini pekupeku,
kichanga kifuani,
akakatiza kwenye majani yaliyokatwa
akiutazama uso wa mwanawe tu,
hakutazama chini hata mara moja.