Kisilale Kitupu

Natsumi alikuja Tukuyu mwezi ambao nguo hazikauki,
mwalimu wa hesabu, mpangaji wa chumba cha uani.
Siku ya pili akabisha hodi
amebeba kitu kwa mikono miwili, kama anayebeba maji.
"Si kitu," alisema, "ni kitu cha kijinga tu."
Mama akanitazama: mgeni gani huyu
anayeitukana zawadi yake mwenyewe?

Kilifungwa kwa kitambaa, si kwa karatasi,
kitambaa cha mraba chenye samaki wadogo wekundu,
fundo moja juu, ncha mbili zimesimama
kama masikio ya sungura aliyesikia jina lake.
Mimi ni fundi cherehani. Nililitazama lile fundo
nikayaonea haya mafundo yangu yote.

Mama akalifungua hapohapo.
Natsumi akaiva uso kama nyanya.
Kwao, alitueleza baadaye,
zawadi hufunguliwa mtoaji akishaondoka,
asije akauona uso wako kabla hujaupanga.

Ndani: kisanduku cha chakula chenye sura ya paka,
kifuniko kinabana, ta!
mchuzi hauvuji hata ukikipindua;
na kijiti cha mwanzi cha kusafishia masikio,
huku kijiko, huku manyoya meupe
laini kama kifaranga cha jana.
Mama alikijaribu usiku huohuo.
"Miaka sitini na miwili," alisema, macho ameyafumba,
"kumbe nilikuwa nasikia nusu."

Basi ikaanza.
Chombo cha jirani hakirudi kitupu,
hilo Wanyakyusa hatufundishwi na mtu.
Kisanduku kikaenda na maharage.
Kikarudi na wali uliofinyangwa pembetatu,
umevishwa kikoi cheusi cha mwani.
Kikaenda na mtindi.
Kikarudi na sindano zangu, kila moja na kofia yake.
Kikaenda na ndizi mbivu nne.
Akazihesabu, akanyamaza,
akala moja palepale mlangoni,
na ganda mkononi, zilipobaki tatu, ndipo akacheka:
nne, kwa lugha yao, inasikika kama kifo.
Tangu siku ile Mama hapeleki vitu vinne kwa mtu yeyote,
hata kwa Mama Tusekile
ambaye Japani anaijua kwa pikipiki tu.

Juni baba alifariki.
Natsumi akaja na bahasha nyeupe,
akasema "ndaga", neno alilolijua kabla ya "asante",
halafu akaona si mahali pake, akainama tu.
Ambokile, mshika daftari la rambirambi, akazitoa noti:
zimekunjamana kama zimelala kiatuni.
"Hata Mjapani," alininong'oneza.

Nilimuuliza wiki nyingi baadaye.
Noti mpya, alisema, ni za harusi.
Ukileta mpya msibani
ni kana kwamba ulijiandaa,
ulikuwa umekaa unamsubiri afe.
Benki ilikuwa imempa mpya.
Akazikunja mwenyewe, usiku, mojamoja,
akazinyoosha, akazikunja tena.

Sikupata la kujibu.
Nilimpunguzia sketi yake kiuno, bure.

Mkataba wake uliisha zamu ikiwa yetu.
Tulikuwa bado tunabishana, chai au asali,
gari likaja alfajiri, ukungu haujaachia migomba,
akaondoka na mabegi mawili na mwavuli wetu.
Nimeuliza posta: kukituma hadi kwao
ni bei ya mbuzi, tena mwenye mimba.

Kwa hiyo kipo. Jicho moja la paka limefutika.
Kila jioni Mama anaweka yai humo ndani, ta!
eti kisilale kitupu na deni juu.
Asubuhi tunalichemsha,
nusu yangu, nusu yake,
chumvi kidogo.