Chai ya Kunywa

Tulianza na daftari la skuli, kurasa tisini na sita,
nyuma ya jalada jedwali la kuzidisha.
Ukurasa wa kwanza nikaandika tarehe,
chini yake: Wete, Bopwe, banda la fundi Shaame.
Wajumbe kumi na mmoja, vigoda saba,
waliobaki wamekalia majora ya kitambaa.

Jina la chama halikupatikana.
Mwalimu Rehani alitaka "Uadilifu".
Bimkubwa akasema neno hilo limechoka,
limebandikwa kila mlango wa ofisi
na nyuma ya mlango mtu anahesabu noti.
Tukaliacha. Tukanywa chai.

Hapo kalamu yangu ikakwama.
Mimi ndiye mhazini. Nimenunua sukari, majani, tangawizi,
na mandazi ishirini na mbili ya Mize wa Limbani.
Niandike nini kwenye safu ya matumizi?
Nikiandika "chai",
nani kisiwani humu atasoma akafikiria majani?
Wamelipora neno kama walivyopora viwanja.
Bimkubwa akacheka mpaka ushungi ukamteleza:
andika, mwanangu, "chai ya kunywa".
Nikaandika.

Kisha Shaame akafunga dirisha.
Kabla hatujatia dole, akasema,
kila mmoja aseme alichokula.
Si walichokula wao. Hicho tunakijua.
Wewe.

Panka lilizunguka likigonga.

Akaanza mwenyewe. Sare za hospitali:
alishona arobaini, akatia saini sitini.
Zile ishirini hazikupata kuwa nguo,
zilikuwa mabati ya banda hili.
Sote tukatazama juu.

Mwalimu alimpasisha mtoto wa sheha.
Khatibu wa bandarini alifika katikati ya sentensi,
akatoka nje kama mwenye simu, hakurudi;
kikombe chake kikapoa.
Bimkubwa hakula, alilisha:
usiku ambao bintiye uchungu umemkaba,
alimtia muuguzi noti mfukoni mwa koti.
"Na kesho ningetia tena," akasema.
"Niandikeni hivyo hivyo."

Zamu ikanifikia.
Misimu sita nilipima karafuu kituoni.
Watu wa Mtambwe wanashusha magunia alfajiri,
kucha zimewaingia weusi kwa kuchambua,
na mimi dole gumba langu hili
nalipenyeza chini ya sahani ya mizani,
naiinua, taratibu,
kama mtu anayemgusa mtoto kujua kama ana homa.
Robo kilo. Robo kilo haina sauti.
Gunia kwa gunia nikajenga choo, nikanunua friji.
Mwanamke mmoja, Time, alinitazama kidoleni,
si usoni, kidoleni,
akakaza kanga kiunoni akaenda zake.
Kunyamaza kule ndiko kulikonileta hapa.
Hotuba za watu nimezisikia nyingi.

Hakuna aliyeniambia si neno.
Mwalimu alisogeza kisahani cha wino,
nikabonyeza dole lile lile.
Likatoka wazi, na kovu lake la mbuzi ya nazi.

Jumatatu tukapeleka fomu.
Kijana wa mapokezi akaigeuza, akaigeuza tena,
akasema zipo nyingi mbele yake, huenda ikakaa,
labda, mama, mkiwakumbuka vijana kwa chai.
Bimkubwa akafungua mkoba,
akatoa thamosi.
Akammiminia mpaka ukingoni.
Ina tangawizi, akamwambia. Puliza.

Fomu mpaka leo ingali mezani pake.
Sisi tumebaki tisa. Jina bado.
Daftari liko kwangu, ajaye na aje asome,
ukurasa wa pili, mstari wa nne:
kikombe kimoja, ofisini,
chai ya kunywa.
Nyengine hatukutoa.