Sekunde Kumi na Moja

Walikuja Jumanne, watu watano na jedwali,
miji minne kwenye safu, Nairobi ya tatu,
na chini ya kila mji visanduku vitupu:
kodi, ndege, mtandao, usalama, lafudhi.
Lafudhi, ndiyo. Niliisoma juu chini
nikiwa nimewashikia mlango wa lifti.

Mimi ni wa jenereta. Niandikwe hivyo.
Ghorofa kumi na nne, Upper Hill,
tangi la lita mia tisa na ufunguo mmoja
ninaouvaa shingoni kama wengine wavaavyo rozari.
Mwenye jengo alinipigia usiku wa kuamkia siku hiyo:
"Lekishon, kesho stima isipotee."
Kana kwamba stima hulala kwangu.

Kizuri chajiuza, walisema;
sisi tulipaka rangi hata kingo za vyungu vya maua.
Gathoni wa mapokezi akafungua mapazia ya magharibi,
akashusha ya upande wa mabati,
na Ngong ikatoka mawinguni kwa wakati,
kama iliyolipwa.

Mkuu wao akauliza kuhusu foleni, kuhusu mvua,
akauliza vijana wangapi hapa wanajua Kifaransa.
Gathoni, akimimina chai,
akamjibu kwa Kifaransa.
Kikombe kikasimama njiani.

Kisha, saa tano na dakika saba,
vipoza hewa vikakata pumzi,
grafu zikafa ukutani,
na yule mkuu akainua kidole
akaanza kuhesabu kwa sauti.

Moja. Mbili.
Jenereta yangu hujiwasha yenyewe;
kazi iliyobaki ni kuiamini.
Tano. Sita.
Mwenye jengo alinitazama
kama mtu atazamaye kuku aliyetoroka siku ya sherehe.
Tisa. Nikaisikia kwenye nyayo kabla ya masikio.
Kumi na moja. Mwanga.
Akaandika.

Nilitaka kumwambia mwaka jana zilikuwa kumi na tisa,
kwamba hizo nane nimezipunguza mimi,
kwa betri niliyoiombea miezi mitano
na chujio ninalolisugua kwa mswaki.
Lakini jedwali halikuwa na kisanduku
cha mahali tulikotoka.

Barua ilifika Agosti.
Makao makuu yameenda Kigali;
kwetu watafungua kituo cha simu, zamu ya usiku.
Mwenye jengo akasema tumegawiwa kama mbuzi wa karamu,
kichwa kule, masikio huku.
Gathoni akacheka mpaka akaketi:
"Kwetu Mukurwe-ini masikio ya mbuzi ni ya wasichana."
Wiki iliyofuata akapeleka maombi ya kazi.

Sasa wako ghorofa ya sita, mia na ishirini,
shali mabegani, njugu kwenye droo,
wakituliza watu wa miji wasiyoijua
ambao mizigo yao imepotea, kadi zao zimekwama.
Wengine hudhani wanaongea na jirani.

Juzi, saa nane usiku, stima ikaenda.
Nilikuwa ngazini na tochi. Hakuna aliyepiga kelele.
Simu zina betri zake; skrini tu ndizo zilizima,
na gizani nikamsikia Gathoni
akimwambia mtu fulani, taratibu, kwa lugha yake:
nipo, mama, nipo bado, usikate.

Nikahesabu, kwa mazoea.
Tisa.
Nikashuka kuangalia mafuta.